Sura ya Saba: Dakika, Mikono na Kalamu

Mwanafunzi wa uuguzi anayejiandaa kwa mtihani wa leseni husoma dharura wiki hii, kinga ya maambukizi wiki ijayo, na sheria na maadili mwishoni kabisa, mara nyingi usiku wa kuamkia mtihani. Wodini mambo hayo hayafuati ratiba. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huyaleta yote pamoja: muda unakwenda, damu iko mikononi mwa mkunga, na kila kitakachofanyika au kuachwa kitaulizwa kesho. Ndiyo maana nimeyaweka katika sura moja.

Nayapitia upya kwa ajili ya wauguzi, wapya na wakongwe, na pia kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa anayesubiri kwenye benchi nje ya wodi, maana naye ana haki ya kujua huduma sahihi ikoje. Ninachotaka kusema ni hiki: wagonjwa wengi tunaowapoteza kwenye dharura hawafi kwa sababu dawa yao haijagunduliwa. Wanakufa kwa sababu mambo tuliyofundishwa mwaka wa kwanza yalifanywa nusu, yalichelewa, au yalifanywa kwa mgonjwa mmoja na mwingine akasahauliwa.

Dakika

Dharura huanzia getini. Hospitali zetu nyingi huendeshwa kwa foleni: chukua kadi, lipia, kaa, subiri jina lako liitwe. Foleni inamfaa aliyekuja kubadilishiwa bandeji. Kwa mtoto anayedegedeka ni hatari. Kuanzia 2001, Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilibadilisha mapokezi ya watoto: kila mtoto akatazamwa mara tu anapofika, na mwenye dalili za hatari akapelekwa moja kwa moja kwenye matibabu. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Jambo kubwa lililobadilika lilikuwa nani anatazamwa kwanza na nani amefundishwa kumtazama.

Mpangilio wa kumtazama mgonjwa kwa kawaida ni huu: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Uko hivyo kwa sababu njia ya hewa iliyoziba huua haraka kuliko jeraha linalotisha macho. Mtoto anayehema kwa shida, mwenye mikono na miguu ya baridi, asiyeamka akiitwa, anayedegedeka, au aliyeharisha hadi macho yakadidimia, huyo hasubiri kadi. Kumtambua si kazi ya daktari peke yake. Mlinzi wa getini na karani wa mapokezi wanaweza kufundishwa dalili hizo kwa siku moja, na wakamnyanyua mtoto kutoka kwenye benchi kabla hajakata roho.

Sasa twende leba. Mwishoni mwa ujauzito, mishipa ya mfuko wa uzazi hupitisha takribani nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, kinachoifunga mishipa hiyo ni misuli ya mfuko wenyewe kukaza. Misuli ikilegea, damu haingoji. Sababu za kuvuja ni nne, na mkunga anapaswa kuzipitia zote hata akiamshwa usingizini: mfuko uliolegea, ambao ndio chanzo kikuu; kuchanika kwa shingo ya kizazi au njia ya uzazi; mabaki ya kondo yaliyobaki ndani; na damu yenyewe kushindwa kuganda.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Haukuleta dawa mpya hata moja. Uliwapa wakunga mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama ili damu ikusanyike na ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Pia uliwataka, mama akivuja, wafanye hatua zote kwa mkupuo bila kusubiri moja ishindwe ndipo waanze nyingine: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki, dripu, kukagua palipochanika na kuita msaada. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu hawakugunduliwa kwa wakati. Katika hospitali zenye utaratibu mpya, zaidi ya asilimia 93 waligunduliwa. Kati ya akina mama wote waliofuatiliwa, waliofikia kuvuja lita 1 au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa, walikuwa asilimia 1.6, wakati upande wa pili walikuwa asilimia 4.3.

Takwimu hizo zinatuhukumu na zinatupa matumaini. Zinatuhukumu kwa sababu oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilikuwamo wodini miaka yote, na kila mkunga aliijua. Zinatupa matumaini kwa sababu tofauti iliyookoa maisha iko ndani ya uwezo wa wodi ya kawaida. Kila mama hupata oksitosini uniti 10 mara mtoto anapozaliwa, kama kinga. Akianza kuvuja, asidi ya traneksamiki gramu 1 huingizwa mshipani polepole, kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kila robo saa ya kuchelewa hupunguza faida yake kwa takribani asilimia 10. Kwa hiyo mkunga anayetoka mbio kutafuta ufunguo wa kabati la dawa anapoteza kitu kinachopimika.

Tuangalie na simu ya kuomba msaada, maana hapo ndipo dakika nyingi hupotea. Mkunga akisema, “Daktari, njoo, mama wa kitanda cha sita hayuko vizuri,” daktari aliyechoka atajibu, “Nakuja,” na atamalizia kwanza anachofanya. Mkunga aliyejifunza kutoa taarifa husema: “Daktari, ni mkunga wa zamu, leba. Mama wa kitanda cha sita amejifungua nusu saa iliyopita. Amepoteza mililita 700, presha 85 kwa 50, mapigo 128. Mfuko umelegea. Tumekanda, amepata oksitosini na traneksamiki, dripu mbili zinakwenda, mpira wa mkojo umewekwa. Bado anavuja. Nahitaji uje sasa hivi, na maabara iandae damu.” Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika, na hayamwachii msikilizaji nafasi ya kudhani kuwa anaweza kuchelewa.

Kifafa cha mimba kinafuata kanuni hiyo hiyo ya kufanya hatua zote kikamilifu na kwa wakati. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa yake, na ni dawa nzuri, lakini isipofuatiliwa inaweza kumzimisha mama pumzi. Kabla ya kila dozi inayorudiwa, muuguzi anahesabu pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, anagonga goti kuona kama mguu unaruka, na anahakikisha mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, kiua nguvu chake, ikae kwenye trei pembeni ya kitanda, si stoo.

Naye mtoto ana dakika yake. Asipolia, hukaushwa, husuguliwa mgongo, njia ya hewa husafishwa ikiwa imeziba, na kama bado hapumui, hupewa hewa kwa ambu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hospitali 8 za Tanzania zilipofundisha wakunga wao hatua hizo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza kupungua kwa asilimia 47. Karibu nusu ya watoto wale waliokuwa wakiandikwa kuwa wamekufa wangeweza kwenda nyumbani na mama zao.

Mikono

Mwishoni mwa Agosti 1976, katika hospitali ndogo ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, alifika mtu mwenye homa akachomwa sindano ya klorokwini, kwani kila homa ilidhaniwa kuwa malaria. Hospitali hiyo ilikuwa na utaratibu wake: kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa sindano tano, na hizo tano zilitumika kutwa nzima kwa wagonjwa wa nje, wodini na kliniki ya wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Zilichemshwa jioni, tena siku nyingine tu.

Ugonjwa uliotoka pale ndio ulioitwa Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Miongoni mwa waliopata virusi kwa sindano peke yake, hakupona hata mmoja. Wajawazito waliokuja kliniki wakiwa wazima walichomwa sindano kwa nia njema wakarudi nyumbani na kifo. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hospitali ilifungwa tarehe 30 Septemba kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuiendesha, na kufungwa kwake kukawa miongoni mwa mambo yaliyozuia ugonjwa kuendelea kusambaa.

Masista na wauguzi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakihudumia eneo kubwa kwa vifaa vichache, na walijitoa hadi kufa. Lakini virusi havitazami nia ya mtu. Kila mara vifaa vinapopungua na mtu akasema, “Tutumie hivi hivi, hakuna namna,” Yambuku inakaribia.

Isidhaniwe kuwa hiyo ni hadithi ya zamani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulitangazwa mkoani Kagera, Tanzania. Waliougua walikuwa 9 na waliokufa 6, wahudumu wa afya wakiwamo. Septemba 2024 ulitangazwa Rwanda, na kati ya wagonjwa 66, karibu wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao kutoka hospitali mbili za Kigali. Rwanda iliudhibiti kwa umakini mkubwa, vifo vikaishia 15. Hata hivyo, somo kwa muuguzi ni lile lile: siku za kwanza Marburg hufanana na malaria au taifodi. Anayengoja jina la ugonjwa litangazwe ndipo avae glavu atakuwa amechelewa.

Hapo ndipo ilipo maana ya tahadhari za kawaida. Ni za kila mgonjwa, awe mzee wa heshima, mtoto wa jirani au mfanyakazi mwenzako. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Muuguzi hurekebisha dripu, husogeza kabati, hushika reli ya kitanda, kisha huenda kitanda cha pili akiamini hakumgusa mtu. Kwa sabuni na maji tiririka kazi hiyo huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 hadi 30, ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu zilizovaliwa asubuhi na kuzunguka nazo wodi nzima humlinda aliyezivaa kidogo na kuwahatarisha wengine wote.

Damu ikimwagika sakafuni, dawa ya klorini hutengenezwa kwa nguvu ya asilimia 0.5. Kama jiki iliyopo ni ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji. Soma lebo kwanza, kwani nguvu hutofautiana, na dawa iliyokisiwa kwa harufu inaweza isiue kitu.

Nawaomba wauguzi wajilinde wenyewe pia. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama, na boksi likijaa robo tatu linafungwa. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, usikamue, toa taarifa saa ile ile. Hatari ya kuambukizwa VVU kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takribani asilimia 0.3, homa ya ini B kwa asiyechanjwa ni kubwa zaidi, asilimia 6 hadi 30. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, na hutumiwa kwa siku 28. Wapo wanaonyamaza kwa aibu au kwa kuogopa kuulizwa maswali. Aibu hiyo ni bure. Kamilisha chanjo yako ya homa ya ini B kabla hujachomwa.

Kalamu

Wauguzi wengi huiona sheria kuwa kitu cha kuwatafutia makosa. Ukiisoma vizuri, utaona inauliza mambo yale yale ambayo mwalimu wa wodi aliyauliza. Mahakama zetu zimerithi kutoka Uingereza kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957: mtaalamu hupimwa kwa kiwango cha mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi wa fani ile. Hutakiwi kuwa bingwa kuliko wote. Unatakiwa ufanye kile ambacho mwenzako mwenye uwezo, akiwa mahali pako na saa ile, angekifanya. Nchini Tanzania, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inaliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga juu ya usajili, leseni na nidhamu. Anayefanya kazi bila leseni hai amekosea hata kabla hajamgusa mgonjwa.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kuwa haki hiyo ni pamoja na kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa pale kituo kinaposhindwa. Msimamo huo ndio maadili ya taaluma kila mahali. Fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania, ni ushahidi wa jeraha, haizuii damu. Mgonjwa atibiwe, fomu ifuate.

Kesi ya Bungoma, nchini Kenya, inastahili kusomwa katika kila chuo cha uuguzi. Agosti 2013 mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya wilaya. Vitanda vya leba vilikuwa vimejaa. Alianguka akajifungua sakafuni, kwenye korido, kisha wauguzi wakamfokea na kumpiga makofi. Mtu alirekodi video, na nchi nzima ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake za afya na utu zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Hukumu haikuishia kwa wauguzi. Iligusa pia serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kushindwa kutenga rasilimali na kusimamia viwango vya huduma.

Ninaona mambo mawili katika hukumu hiyo. Kwanza, uhaba wa vitanda hauhalalishi kofi. Mama angeweza kujifungua sakafuni kwa sababu hospitali imejaa, na bado akafunikwa kanga, akashikwa mkono, akaitwa mama. Pili, wenye mamlaka hawawezi kumsukumia muuguzi mzigo wa uhaba waliousababisha wao. Lakini ili hilo lithibitike, uhaba lazima uwe umeandikwa. Muuguzi aliyeandika kwenye kitabu cha ripoti kuwa zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, kwamba oksitosini imekwisha na taarifa imepelekwa kwa kiongozi wa zamu, amemlinda mgonjwa wa kesho na amejilinda mwenyewe.

Kuandika, basi, ni sehemu ya tiba. “Hali ya mgonjwa ni nzuri” haimsaidii mtu yeyote. Andika ulichopima, ulichofanya, uliyemwita, saa uliyomwita, na alichojibu. Tumia saa za mfumo wa 24: ukiandika 02:10 hakuna atakayeuliza kama ni saa nane mchana au usiku. Ukikosea, piga mstari mmoja, weka sahihi, andika upya. Usifute wala kuchana ukurasa. Na usijaze chati ya presha ya saa sita zilizopita ukiwa umekaa mezani. Huo ni uongo unaoweza kuua, kwani daktari ataamua kwa namba ambazo hazikuwahi kupimwa.

Hata jina la mgonjwa ni jambo la kisheria na la uhai. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: aliyekuja kwa ajili ya goti akafunguliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa mguu. Mapema 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta nayo ikamfungua kichwa mgonjwa ambaye hakuwa na haja ya upasuaji huo. Kinga ya makosa hayo inajulikana, na Watanzania tulishiriki kuithibitisha: hospitali ya Ifakara ilikuwa moja kati ya 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo huanza kwa swali rahisi kuliko yote, linaloulizwa kwa sauti: huyu ni nani, amekuja kufanyiwa nini, na ameridhia?

Ridhaa maana yake mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa akakubali. Kidole gumba kilichobandikwa kwenye karatasi ambayo hakusomewa hakitoshi. Aliyepoteza fahamu na yuko hatarini huokolewa kwanza. Na siri ya mgonjwa ni mali yake. Tanzania ina sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu ya VVU, na siri hiyo haiishii mlangoni mwa wodi. Picha ya mgonjwa iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa kumhurumia, imeshatoka na hairudi.

Kwa muuguzi unayeingia zamu leo: kabla ya kupokea ripoti, fungua friji uone kama oksitosini ipo na joto liko kati ya nyuzi 2 na 8. Jaribu ambu kwa mkono wako. Hakikisha traneksamiki na kalsiamu viko kwenye trei na ufunguo unajulikana ulipo. Kagua kama kuna maji, sabuni na glavu, na kama havipo, andika kuwa havipo na umtaje uliyempa taarifa. Kwa kiongozi wa hospitali: soma kile kitabu cha ripoti kila asubuhi, na ujibu kwa maandishi. Na wewe ndugu wa mgonjwa, usiogope kumwuliza muuguzi kama amenawa mikono, wala kumwita ukiona damu imelowesha shuka. Kuuliza huko si utovu wa adabu, na muuguzi anayeipenda kazi yake atakushukuru.